Miwani ya Sista Atanasia

Nilipokuwa mtoto niliona jambo hili lote mwenyewe, kwa macho haya haya, kwa hiyo mtu asinifundishe. Juzi kwenye kilabu cha ulanzi kijana mmoja, ambaye jambo hili lilipotokea hata baba yake alikuwa hajaoa, alikuwa anawasimulia watu kwamba zamani huku kwetu, upande wa Ilula, palikuwa na sista aliyevuta radi kwa miwani. Watu wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Niliweka kikombe chini. Niliwaambia hadithi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Shule niliishia darasa la nne, lakini kwa kusimulia hakuna wa kunifikia toka Iringa mpaka Mbeya, na hilo wanalijua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Sista Atanasia alikuwa binti wa Kibena, mweusi kama sisi, mfupi, na miwani yake ya duara ilifungwa uzi upande mmoja. Dini tulikuwa tunaikariri tu, swali na jibu, swali na jibu, kama kasuku. Yeye alikuja na Maandiko yenyewe. Akishasoma haulizi maana yake nini. Anauliza, "Nani alikuwapo? Aliona nini?" Ukijibu "inasemekana," anakurudisha ukakae. Mimi nilikuwa wa kwanza siku zote. Nikieleza harusi ya Kana ungedhani mtungi mmoja niliubeba mimi.

Watoto wakishaondoka, alibaki na wasichana wanne akiwafundisha kufundisha: namna ya kusimama mbele ya watu, namna ya kumwamsha mzee anayesinzia bila kumwaibisha. Mmoja wao alikuwa dada yangu Skolastika. Baba yetu, mpasua mbao, alikuwa amekwisha kumpatia mchumba, mtu mwenye meno machache kuliko ng'ombe wake. Sista akaja nyumbani, akakaa kwenye gogo, akasema, "Baba, nipe miaka miwili tu, nikurudishie mwalimu." Baba akakubali. Tangu siku ile Skola alitembea kama mtu aliyevaa viatu, na viatu hakuwa navyo.

Sasa, kwetu radi si mchezo. Wingu likikaa mlimani, kina mama hugeuza kioo kielekee ukutani, nguo nyekundu huingizwa ndani, na watu hunyamaza. Radi, tuliambiwa, hutafuta kinachong'aa. Bibi yangu alikuwa anafunika hata jembe jipya.

Siku hiyo mvua ilitukuta kanisani, mchana, Sista akisoma habari za Yona. Mama Semeni, aliyekuwa akijiandaa kubatizwa, akamwambia polepole, "Sista, vua hiyo miwani. Itatuonyesha."

"Nikivua, Mama Semeni, Yona atabaki humo baharini. Sitaona hata jina lake."

Watu wakacheka kidogo, naye akaendelea kusoma. Radi ikapiga. Mvua ilipokatika tukasikia kelele kwa Jumbe: ng'ombe wake watatu walikuwa wamelala zizini, miguu juu.

Kesho yake likaitwa baraza. Padre alikuja na pikipiki kutoka misheni, akakaa pembeni anatazama saa. Mshauri wa Jumbe, mzee aliyekuwa hajawahi kukanyaga kanisani, ndiye aliyesimama kwanza. Wajukuu zake walikuwa wamemsimulia somo.

"Sisi hatusemi neno letu," alisema. "Tunasema la kitabu chake mwenyewe. Dhoruba ilikuja, wakatafuta mwenye kosa, wakamtupa majini, bahari ikatulia. Ndivyo alivyosoma, sivyo?"

Watu wakaitika, ndivyo.

Sista akasimama. "Yona alisema mwenyewe, nitupeni. Mimi sijasema, baba."

Nakuambia, jambo lingeishia hapo. Jumbe mwenyewe alianza kujikuna shingo, kisha akauliza, nadhani kwa kutafuta pa kutokea, "Basi, nani aliona?"

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa mpaka leo, kwa sababu swali lile nililijua. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mwaka mzima, na mwalimu wangu yupo, na watu wote wananitazama. Nikasimama.

"Mimi niliona. Moto ulitoka kwenye miwani ya Sista, ukapita dirishani, ukaenda moja kwa moja zizini."

Sista akanigeukia. Hakukunja uso. Aliniuliza vilevile kama darasani, "Kioo kipi, Fidelisi? Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto, Sista."

Baraza zima likashusha pumzi. Mwongo angejuaje kwamba ni cha kushoto? Mzee mmoja alisema mtoto huyu atakuwa karani wa mahakama. Mimi nikavimba kifua, kumbe radi ilipopiga nilikuwa nimejifunika uso kwa kanga ya Mama Semeni, nimefumba macho mpaka yanauma.

Padre akainuka, akasema kwamba kwa ajili ya amani Sista atahamia Mbeya. Amani. Mtu aliyesoma miaka mingi Ulaya, anayejua fika kwamba radi haitoki kwenye kioo, na yeye mwenyewe amevaa miwani mikubwa kuliko ya Sista, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kitu. Wasichana wanne walikuwa wamesimama nyuma ya Sista, Padre hakuwatazama. Mama Semeni, aliyekeshewa na Sista siku nne alipougua homa, alitazama vidole vyake vya miguu. Baba yangu akawa anapokea pongezi kwa ajili yangu. Na Jumbe akaniletea kikombe cha maziwa, nami nikayanywa yote, nikalamba na povu. Wakubwa wale wote wamekufa, nimewazika karibu wote, na kila niliyemfukia nilitamani kwanza anijibu kwa nini alikubali.

Siku ya tatu lori la misheni likaja kumchukua. Skola alimbebea kasha mpaka barabarani. Sista akapanda mbele kwa dereva, akachungulia dirishani, akaniita kwa jina, akasema, "Fidelisi, wewe ni mtoto tu. Nimekusamehe." Lori likaondoka.

Darasa la wasichana lilikufa siku hiyohiyo. Mwenye meno machache alileta ng'ombe wake kabla ya mavuno, na ile miaka miwili baba hakuitaja tena. Skola hakusimama mbele ya watu kufundisha hata mara moja. Leo ni mjane, tunakaa kiwanja kimoja, na ninapowasimulia wageni habari hii, nikifika pale kwenye dirisha la lori, huinuka kwenda kuangalia chungu, hata siku ambayo moto haujawashwa.

Zamani nilidhani anakwenda kulia. Hapana, anakwenda asinisikie. Yeye alikuwapo barabarani na kasha mikononi. Mimi nilikuwa kwenye mahindi, nimelala kifudifudi, nikiomba dereva asichelewe kuwasha gari. Sista hakuniita. Mengine yote yalikuwa hivyohivyo nilivyoeleza, lakini hilo la kusamehewa nililitunga mimi.