Mkono Ulioacha Kuchuma

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja huku Kericho, mzee mmoja mchuma chai alipoingia akimshikilia mkewe. Mdomo wa mama ulikuwa umepinda. Daktari, ambaye anafanya utafiti juu ya kiharusi, alifungua daftari lake.

"Ilianza saa ngapi, mzee?"

"Saa sina, daktari. Ilikuwa kabla ya mizani ya kwanza, majani ya asubuhi hayajapimwa. Yeye huchuma na mikono miwili, anatupa kwa kapu ya mgongo. Leo majani ya mkono wa kushoto yalikuwa yanaanguka chini."

"Ulikuwa unamwangalia?"

"Mimi huchuma kando yake. Miaka yote."

Daktari akamwomba mama achume chai hewani. Mkono wa kulia ulichuma. Wa kushoto ulilala pajani. Mzee akanyoosha mkono wake mwenyewe, akachuma upande ule.

"Wacha, mzee," daktari alisema polepole. "Nataka kuona mkono wake yeye."

Kisha akaandika daftarini: kabla ya mizani ya kwanza.

Jioni nilimtazama mke wangu akimimina chai. Tumeoana miaka kumi na miwili, na mpaka siku hiyo, ningeulizwa yeye hushika birika kwa mkono gani, ningelazimika kumuuliza jirani.