Alichokisema Lornah Mbele ya Sista

Lornah Amolo alikuwa na kovu lililoanzia chini ya jicho la kushoto na kushuka mpaka kwenye taya. Alilipata akiwa na miaka tisa, siku trekta la miwa lilipompita karibu sana huko Muhoroni na chuma kilichochomoza kikamchana. Pale sokoni Kibuye, alikoshona sare za shule, watu walimwita Alama. Hakulipenda jina hilo hata siku moja, lakini aliliitikia, maana ndilo wateja walilokuja wakiliulizia. Alipofikisha miaka thelathini na minane aliamua kovu lile lirekebishwe.

Kliniki ilimtaka aje na mtu wa karibu wa familia. Lornah hakuwa na mume, kwa hiyo akamwita mama yake, Maryanne, kutoka Pap Onditi. Mama alikuja shingo upande. Kwake, mtu mzima kwenda kukatwa uso ili apendeze ulikuwa upuuzi mtupu, na alilisema hilo tangu stendi hadi mlangoni.

Sista aliyewapokea aliitwa Nabututu, mwanamke wa maneno machache na uso mkavu. Alifungua fomu akaanza kuuliza: presha, kisukari, pumu, dawa za hospitali, dawa za miti shamba. Kila swali Maryanne alilijibu kabla Lornah hajafungua mdomo. Hana. Hana. Hatumii.

"Mama, anayepasuliwa ni huyu," sista alisema bila kuinua macho. "Muache aseme mwenyewe."

Maryanne akasonya. Sista akaendelea. Je, katika familia yao kuna mtu aliyewahi kutokwa na damu isiyokoma, iwe ni kwa kujifungua, kujikata au kung'olewa jino?

"Hakuna," Maryanne alisema.

Lornah alikuwa akimfikiria Shantel, mdogo wake. Shantel aling'olewa jino akiwa na miaka kumi na tisa, akarudi nyumbani akitema damu kwenye beseni, na siku ya pili akafia njiani wakimkimbiza hospitali. Maryanne alisema mtoto amerogwa. Akamtaja Awuor, mke mwenzake, ambaye asubuhi ile alimpa msichana uji. Wazee walikaa, wakaamua, na Awuor akafukuzwa bomani pamoja na watoto wake wawili. Lornah alikuwa na miaka ishirini na minne wakati huo. Vyombo vya Awuor alivitupa nje yeye, kwa mikono yake mwenyewe.

"Yupo," Lornah alisema. "Mdogo wangu. Alikufa kwa sababu ya jino."

Baada ya hapo hakuweza kuacha. Alieleza jinsi jeraha lake la usoni lilivyotoka damu siku tatu, jinsi hedhi yake inavyomlaza kitandani kila mwezi, na jinsi mama yake alivyoongezewa damu chupa tatu alipomzaa huyo Shantel.

Maryanne alimwambia kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, afunge mdomo. Kisha akageuka na kusema kwa Kiswahili ili sista asikie: "Huyu ana wazimu. Mtoto wangu alirogwa."

Sista aliweka kalamu mezani. "Nani alimroga, hayo sijui. Mimi nauliza kama damu ilikoma."

"Haikukoma," Lornah alisema.

"Basi leo hupasuliwi, mpaka damu yako ipimwe. Mnakuja hapa mnaficha, halafu mtu akifa mezani mnasema daktari ni muuaji."

Kule nje Maryanne alimshika bintiye mkono akaubana mpaka ukauma. "Unajua umesema nini mle ndani? Umesema mimi ndiye niliyewapa hiyo damu mbaya. Umesema nilimfukuza mtu bure."

"Tulimfukuza," Lornah alisema. "Hata mimi nilikuwepo."

Maryanne aliuachia mkono, akaondoka peke yake.

Majibu yalionyesha kwamba damu ya Lornah haigandi inavyopaswa, na kwamba ni tatizo la kurithi. Daktari hakukataa kumpasua. Alijiandaa kwa dawa na kwa damu ya akiba, akafanya kazi yake, na baada ya miezi miwili kovu lilikuwa limebaki mstari mwembamba. Mama hakufika kumwona. Aliwaambia jamaa kwamba Lornah ameliuza jina la mama yake ili apate uso mpya.

Lornah alikwenda Muhoroni kumtafuta Awuor. Alimkuta nje ya nyumba ya kaka yake akichambua maharagwe. Awuor hakumkaribisha wala hakumwonyesha pa kukaa, ila alimwacha aseme mpaka mwisho.

"Mimi nilijua sikumuua," Awuor alisema. "Miaka kumi na minne nalijua hilo. Wanaopaswa kuambiwa wako Pap Onditi." Akarudi kwenye maharagwe yake.

Jumapili iliyofuata Lornah alisimama mbele ya wazee wa boma akiwa na karatasi ya hospitali. Mmoja wao aliisoma, akaikunja, akamuuliza anatafuta nini kwa kufukua mambo yaliyokwisha. Mama yake alisema mbele ya wote kwamba asikanyage tena pale, hata siku ya kumzika. Hakuna aliyempinga. Hakuna aliyesema Awuor aitwe arudi.

Kaka yake Oduor ndiye aliyemsindikiza mpaka barabarani, akitembea hatua mbili mbele. Walipofika alisema, akiwa amempa mgongo, kwamba binti yake mdogo hutokwa na damu puani usiku mpaka shuka inalowa. Akauliza kipimo kile kinafanywa wapi.

Lornah alimwelekeza. Oduor aliandika kwenye simu, akageuka, akarudi bomani bila kumuaga.