Vichupa vya Mafuta na Mikono ya Mwali

Waliokuwa uani kwangu Chamazi siku ile nawakumbuka wote, jina la mtu na la baba yake. Humu siwataji, maana wengine bado wamenuna.

Mjukuu wangu alikuwa anaolewa Kawe. Mchoraji kutoka Tandale alimpamba mikono kwa piko, ile rangi nyeusi ya dukani, na shangazi wa mwali akamhimiza mchoraji azidishe dawa ya nywele humo ili iwe nyeusi ti. Ikawa nyeusi kweli. Kulipokucha, kesho yake ndiyo harusi, mikono imevimba kama maandazi. Malengelenge yamefuata mchoro, hakuna ua lililosahauliwa.

"Bibi, inawasha! Nitatokaje mbele ya wakwe?"

Habari ilifika kwa majirani kabla ya chai. Mmoja akaja na mafuta ya karafuu, mwingine ya mkaratusi, mwingine ya mchaichai, kasikia kwenye simu eti yanatibu mzio. Uani pakanukia kama duka la viungo la Mpemba.

Mie mafuta hayo nayapenda. Mkaratusi nanusa nikibanwa na mafua, mchaichai najipaka mbu wasinile. Lakini ukali wake naujua. Nikasema, "Hakuna kumpaka mwali kitu kwenye vidonda. Leteni mafuta ya nazi."

Nikachanganya tone moja la kila kichupa na kijiko chake cha nazi, nikampaka kidogo kidogo juu ya kiwiko, penye ngozi nzima, kila mafuta mahali pake.

"Mama, unatibu au unapika?" shangazi akanicheka.

"Naonja chumvi."

Haukupita muda, palipopakwa karafuu pakawa pekundu. Mwenye kichupa akakifunga kimyakimya, akakitia kwenye pindo la khanga. Sikungoja hayo mengine, nikamchukua mwali hadi zahanati.

"Shikamoo bibi," nesi akasema, akaisikiliza habari ya vichupa na kuitazama ile mikono. "Afadhali hukuyapaka hapa. Mafuta ya mimea wataalamu wanayachunguza, huenda mengine yakaja kutuliza mzio. Ila bado hayajathibitishwa, na yenyewe yanaweza kuleta mzio."

Akatupatia vidonge na dawa ya kupaka. Piko, akasema, asiiguse tena maisha yake yote. Hina ya majani aliyoizoea haina neno, mradi isipakwe mikononi.

Tuliporudi, shangazi akashika kiuno. "Sasa atatoka mikono mitupu? Si watasema yuko eda!"

Kweli, kwetu mwanamke asiye na hina kwenye sherehe watu humuuliza kafiwa na nani. Mwali akaanza kulia.

"Miguu inawasha?" nikamuuliza.

"Haiwashi."

Nikatwanga majani ya mhina, yale ninayompaka kila Idi tangu mdogo, nikamchora miguu mwenyewe. Maua makubwa ya kizamani, maana madogo siyaoni.

Siku ya harusi uvimbe ulikuwa umeshuka, ila vidole havikunjiki vizuri. Mama mkwe akatupa jicho mikononi, mie roho juu. Kisha akainua pindo la gauni, akaona miguu.

"Haya ndiyo maua!" akasema, akapiga kigelegele.

Likaja sinia la pilau. Bwana harusi akaona vidole vya mkewe havishiki, akamega tonge, akamlisha mbele ya watu.

"Shemeji, na sie tuna njaa!" mashoga wa mwali wakapiga kelele.

Naye akamega jingine la mkewe. Shangazi alishangilia mpaka sauti ikamkauka.