Bibi Tekla wa Temeke amekufa, msiandike "amepumzika"

Bado sijaamini. Najua mtanicheka, maana alibakiza miezi miwili tu atimize miaka mia. Lakini Jumatatu alinigombeza kwa kuanika nguo kwenye kamba yake, na mtu anayegombeza vile hafi, jamani!

Bibi Tekla alikuwa mwenye nyumba wangu hapa Temeke kwa miaka kumi na moja. Baadaye akawa rafiki yangu.

Naona huko chini mmeshaanza kuandika "Bibi amepumzika." Naomba mfute. Ngojeni niwaeleze.

Mie kazini ndiye naandika matangazo ya ofisi. Siku moja dedilaini imenibana, bosi anapiga simu, nikamsomea Bibi tangazo la wenzetu wanaopunguzwa kazi. Nilikuwa nimeandika, "Tumewapa nafasi ya kupumzika."

Aliniangalia mpaka nikaona aibu. "Kaa chini," akasema. "Hujui habari za Bwana Meja wewe."

Wakati wa vita ya pili ya dunia mumewe, Matei, alikuwa askari huko Bama, yaani Burma, bara la Asia. Yeye alibaki hapa Temeke, mke mpya wa miaka kumi na minane kutoka Songea, hana ndugu mjini, ila amesoma shule ya misheni.

Mkubwa wao huko vitani, Mwingereza waliyemwita Bwana Meja, akawaandikia jamaa za askari. Aliandika mwenyewe, kwa Kiswahili cha kujifunza kitabuni. Barua ikafika kwa jumbe, wanawake wakaitwa barazani, karani akasimama kusoma.

"Waume zenu wamepigana siku nyingi na hawakurudi nyuma. Nawasifu sana. Sasa wote wamepumzika."

Wote! Baraza zima likaangua kilio. Jirani yake Mwanahawa alishavua hereni ili aanze eda, mwingine ameshakimbilia mikeka ya msiba. Karani naye machozi yakamtoka, akaikunja karatasi.

Lakini Bibi aliona kitu kimoja: karani amekunja karatasi kabla macho yake hayajafika chini.

"Bwana karani, hebu nipe hiyo barua."

"Hii karatasi ya serikali, binti. Siyo ya kuchezewa."

Akampokonya! Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja: "Wanawasalimu, na wanaomba tumbaku."

"Nyamazeni!" akapiga kelele. "Nyamazeni nyie! Maiti haombi tumbaku!"

Mzungu wa watu alitaka kusema wametolewa mstari wa mbele wakapate kupumua. Hakujua kwamba kwetu, ukiandikiwa kuwa mtu wako amepumzika, unatafuta sanda. Mwanahawa alicheka na kulia kwa pamoja, hereni bado ziko mkononi.

Mtu mwingine angeishia kushukuru Mungu. Bibi Tekla wangu alichukua kalamu. Msichana wa miaka kumi na minane, anamwandikia Meja!

"Bwana, asante kwa salamu," aliandika. "Lakini neno lako limemuua mume wangu kwa muda, na mimi nimemlilia bure. Ukituandikia tena, tuambie kwanza kama wako hai."

Na yule bwana alisikia. Barua iliyofuata, na zote zilizosomwa barazani baada yake, zilianza kwa maneno mawili: "Wako hai." Wenye vyeo wangapi wanakubali kusahihishwa na mke wa askari? Bosi wangu, kama unasoma hapa, salamu.

Bibi hakuishia hapo. Alimfundisha Mwanahawa kusoma, halafu na wengine, hapo hapo barazani, ili asije mtu tena akawakunjia karatasi. Mwanahawa alisoma magazeti kwa sauti mpaka uzeeni, hata kama hakuna aliyemwomba.

Sasa sehemu inayoniuma.

Bibi alikuwa amenunua tumbaku ya Matei, ameishona vizuri kwenye kitambaa, anangoja msafiri. Ikaja bahasha yenye jina lake peke yake. Safari hii haikuanza na "Wako hai."

Ilianza, "Matei amekufa." Kisha ikaeleza alikufaje, amezikwa wapi, na rafiki gani alimshika mkono mpaka mwisho.

Nilimuuliza Bibi kama hakumchukia yule Meja kwa ukali ule. "Nimchukie kwa lipi?" akasema. "Nililia siku ile ile. Wenzangu wa kwingine waliandikiwa maneno laini, wakakaa mlangoni miaka wanangoja mtu. Mie aliniheshimu."

Halafu akanirudishia tangazo langu. "Kabla hujalituma, lisome kama wewe ndiye mwenye mume humo ndani."

Niliandika upya: mmepunguzwa kazi, tarehe ni hii, sababu ni hii. Bosi alinuna wiki nzima. Mmoja wa waliopunguzwa alikuja mezani kwangu akanishika mkono, akasema angalau ameelewa.

Kwa hiyo nami naandika kama alivyonifundisha. Bibi Tekla amekufa. Amekufa Jumatano asubuhi, kitandani kwake, hakuwa na maumivu, na mimi ndiye nilikuwa nimemshika mkono. Jana tumemzika. Nimelia na bado nalia.

Ile tumbaku haikupata msafiri. Ilikaa kwenye sanduku lake miaka yote hii, kitambaa kimekuwa rangi ya chai. Jana niliiweka kwenye jeneza, chini ya kiganja chake. Katekista akaniangalia. Nikamwambia, "Mzigo wa mtu huo, unapelekwa."

Lala salama, Bibi wangu, kama tulivyokuwa tunaambiana kila usiku kupitia ukuta wa vyumba vyetu. Kamba ya nguo nimekuachia yote.

Msalimie Matei. Mwambie tumbaku yake hiyo, ila ilichelewa kupata msafiri.