Baiskeli ya Springi na Mdogo Wangu Mumba

Nakumbuka siku ile mdomo wangu uliposema "Tunachukua hii" kabla mdogo wangu hajamaliza kusema yake. Tulikuwa sokoni Nchelenge, mbele ya banda la kijana aliyeuza salaula, yaani nguo za mitumba, na vitu vingine vya mkono wa pili. Kama ningepewa kurudi kwenye siku moja tu ya maisha yangu, nisingerudi kwenye siku ya harusi yangu. Ningerudi pale, nikafunga mdomo.

Mwanangu, juzi ulinionyesha kwenye simu baiskeli unayoitaka, ile ya milimani yenye springi ndefu mbele na nyuma, ambayo ninyi vijana mnaiita enduro. Ulisema umesikia kuna moja iliyotumika, na bei yake inakaribia uwezo wako. Ukaniuliza, "Tata, nichukue?" Nikafumba macho, ukadhani mzee amesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Naanzia kwa Mumba. Alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Tulivuka ziwa kutoka upande wa Kongo miaka mingi kabla wazazi wako hawajapitia Kenani, ile kambi ya wakimbizi, tukakaa kijiji cha Kabuta pamoja na mama yetu. Kazi yetu ilikuwa samaki. Tuliwapakia kwenye kinga, ndivyo sisi wa Kongo tunavyoita baiskeli, tukapanda nao bara hadi vijiji vya juu, na huko tukapata mihogo mikavu ya kushuka nayo. Mihogo ile waliingoja wenye mitumbwi waliokuwa wakirudi ng'ambo. Mimi sikuwa mtoto wakati huo. Nilikuwa nimesoma sekondari, nina mke, nina sauti mbele za watu. Ila akili yangu ya kuchagua kitu ilikuwa bado ya kijana anayeota ndevu.

Kinga yetu ya zamani ilipokatika fremu, tuliweka fedha zetu pamoja. Zilikuwa chache, lakini zilitosha kununua kinga moja nyeusi ya chuma, yenye keria pana nyuma, ya aina ile inayobeba gunia na mtu juu ya gunia. Mumba alitaka hiyo. Alikuwa ameshaiinua, ameshaigongagonga, ameshazungumza na mwenye duka. Tulikuwa njiani kwenda kuichukua nilipoiona ile nyingine.

Rangi yake ilikuwa ya chungwa lililoiva. Matairi manene, breki za sahani zinazosukumwa na mafuta, springi mbele na springi nyuma. Mzungu mmoja aliyefanya kazi ya barabara alikuwa ameiacha akarudi kwao. Bei yake ilikuwa sawasawa na fedha tuliyokuwa nayo, nami nikaona hiyo ni ishara. Mwanangu, bei ikilingana na mfuko wako, usifikiri ni Mungu anayesema nawe.

"Tata, panda kwanza, uruke-ruke," yule kijana akaniambia. "Unaona? Hii iko inameza mashimo. Kule Ulaya banashuka nayo mulima, banapita juu ya mawe kama mbuzi."

Mumba alikuwa ameinama nyuma ya gurudumu. "Na keria tutafunga wapi?"

"Kaka, hii haiko ya kubeba. Ni ya kukimbia."

"Bon," akasema Mumba, "samaki nabo bakimbie benyewe."

Watu walicheka. Sitamlaumu muuzaji hata leo, maana alisema ukweli waziwazi. Ni mimi niliyekuwa nimeshapofuka. Watu walikuwa wamekusanyika wakinitazama nikiwa juu ya kile kitu, na nilipenda kutazamwa. Nikatafuta sababu nzuri ya kufunika ile mbaya. Nikamwambia Mumba kwamba mgongo wake unamsumbua kila akirudi kutoka bara, na springi hizi zitamponya. Mgongo ulimsumbua kweli. Lakini sikuwa nawaza mgongo.

"Yaya, weye njo mukubwa," akasema. Kwetu yaya ni kaka aliyekutangulia, na mdogo habishani naye mbele za watu. "Mi naona tu ile nyeusi…"

Hapo ndipo niliposema, "Tunachukua hii."

Tulipofika Kabuta watoto walitukimbilia wakipiga kelele, "Muzungu wa samaki! Muzungu wa samaki!" nami nikapiga kengele ambayo haikuwepo, kwa mdomo. Mama alitoka kwenye majani alikokuwa akianika chisense, wale dagaa wetu wadogo. Akaweka kiganja juu ya tandiko, akabonyeza. Likazama, likainuka. Akabonyeza tena.

"Umenunua kinga ya kuangaliwa," akasema. "Ya kubeba utanunua lini?"

Nikacheka. Alirudi kwenye samaki wake, na mimi nikadhani nimeshinda.

Mwezi haukwisha kabla ya matatizo kuanza. Mchomeleaji alitufungia keria ya nondo, mguu mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye ule mkono wa nyuma unaoshika gurudumu na kucheza na springi. Kila kinga ilipozama, keria ilipigana na springi. Springi ile ilikuwa ya upepo, na pampu yake haikuwepo Nchelenge nzima. Upepo ulipoisha, tulikata ndala za zamani tukashindilia vipande vya raba ili isilale kabisa. Kisha breki zikaanza kulegea. Mafuta yake yalikuwa ya aina yake, na fedha yote tulikuwa tumeimaliza kwenye kununua, hatukubakiza hata ya kutunza. Nikachukua mafuta ya injini ya mtumbwi, nikajaza. Mumba aliniuliza kama yanafaa. Nikamjibu, "Mafuta ni mafuta." Kwa siku chache zilishika vizuri kabisa, nami nikajiona fundi. Rahisi huwa ghali, Mwanangu, ila haikuambii bei yake siku unayonunua.

Sasa nifike kwenye ule mlima.

Njia ya kutoka vijiji vya juu ina mteremko mmoja mrefu wa mawe. Hakuna aliyeshuka pale na mzigo akitegemea breki peke yake. Desturi ilikuwa moja: unasimama juu, unakata tawi lenye majani mengi, unalifunga nyuma ya kinga liburute chini, kisha unashuka kwa miguu ukiishika kinga pembeni. Tawi linavuta, kinga inatulia. Wabeba mkaa walifanya hivyo, wabeba samaki walifanya hivyo, na sisi wenyewe tulifanya hivyo miaka yote ya kinga ya zamani.

Siku hiyo tulikuwa tumechelewa. Mwenye mtumbwi alikuwa ametuambia ataondoka kabla upepo wa mchana haujainua mawimbi, na mihogo isipofika ataondoka bila sisi. Mumba alikuwa na magunia mawili kwenye keria. Mimi nilikuwa na mzigo wangu kichwani. Juu ya mteremko tulikuta wabeba mkaa wamesimama wakikata matawi. Mumba akabana breki. Mkono wa breki ulizama mpaka ukagusa mpini.

"Yaya, breki haiko," akasema. "Acha nikate tawi."

Alikuwa ameshachukua panga kwa mmoja wao. Ameshalikata. Nakumbuka majani yake, yalikuwa bado na umande.

Mbeba mkaa mmoja, mzee mwenye kofia ya sufu, akacheka. "Kumbe hata kinga ya muzungu inaburuta tawi kama ya kwetu!"

Wakacheka wote. Hicho kicheko, Mwanangu, hakikuwa na ubaya wowote. Lakini kiliniingia kama mwiba. Nikamwambia Mumba, "Uliona wapi kinga ya springi inafungiwa tawi? Bana breki ya mbele na ya nyuma pamoja. Mtumbwi unatuacha."

Yule mzee akaacha kucheka. "Ba mukubwa," akaniambia, "mulima hauulizi bei ya kinga."

"Shuka," nikamwambia Mumba.

Alilitazama tawi, akanitazama mimi, akaliweka chini taratibu kando ya njia, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akapanda.

Sitakudanganya: mwanzoni ilikuwa nzuri kuitazama. Ilipita juu ya mawe kama maji. Nikageuka kuwatazama wabeba mkaa ili waone. Nilipogeuza tena uso, magunia yalikuwa yamezamisha nyuma, gurudumu la mbele likiparaza tu juu ya ardhi, na Mumba amekwishatoa mguu mmoja anaburuta kisigino. Ndala yake iliruka pembeni. Aliita, "Yaya!" Hakupiga yowe. Aliita kama anayeuliza afanye nini, kama alivyoniuliza maisha yake yote.

Nilitupa mzigo nikakimbia.

Chini kwenye kona walikuwa wanawake wanapanda na mabeseni kichwani. Walisimama katikati ya njia, hawajui wakimbilie upande gani. Mumba aliwaona. Akaikata kinga kulia, kwenye mawe, yeye na magunia na kila kitu. Hakuna mwanamke aliyeguswa. Nilipofika, keria ilikuwa juu ya paja lake, na paja lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga wa mihogo.

"Samahani, yaya," akaniambia. "Nimeharibu kinga."

Tulimbeba kwa machela ya matawi hadi kliniki, na wabeba mkaa ndio waliobeba pamoja nami. Yule mzee hakunisema njia nzima. Heri angenisema.

Tunafundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mdogo wangu alisikia la mkuu, na guu likavunjika. Methali hii haina kosa, Mwanangu, ila ina deni upande wa pili: mkuu naye achunge anachosema, maana kuna mtu anakitii.

Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi. Mumba hakuweza tena kusukuma mzigo kupanda bara. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi ya matusi. Baada ya muda akasema anarudi ng'ambo na mke wake, Feza, na watoto, akalime shamba la baba yetu, maana shamba halina mlima. Ningeweza kumzuia. Ningeweza kusema, kaa, nitakulisha, ni haki yako. Sikusema. Moyoni nilipata nafuu kwamba sitamsikia tena akipita nje ya mlango wangu asubuhi, hatua ndefu, hatua fupi.

Kisha vita vikafika kule. Ndivyo vilivyowaleta wazazi wako, nawe ulivuka ukiwa mgongoni kwa mama yako. Mitumbwi ilikuja imejaa watu, nami nilikwenda Kenani kila nilipopata nafasi, nikiuliza watu wa kijiji chetu. Walikuja karibu wote. Siku moja nikamkuta Feza amekaa chini na watoto wake, ameshika sufuria tupu.

"Mumba yuko wapi?"

"Alisema tutangulie, shemeji. Risasi zilikuwa karibu, batu wote banakimbia kuelekea ziwa. Alisema, nyie mukimbie, mie niko nyuma yenu." Akafuta uso wa mtoto. "Nilimungojea kwenye mutumbwi. Nililia basisukume. Bakasukuma."

Baadaye jirani mmoja alivuka akanieleza walikomkuta, kwenye njia ya kwenda ziwani, mahali ambapo hata mzee mwenye miguu miwili mizima angekuwa ameshapita na kufika majini. Walimzika hapo hapo.

Sasa nikujibu, Mwanangu. Sikukatazi kununua baiskeli ya springi ndefu. Kama ni ya kushuka milima kwa mchezo, na wewe na mchezo wako mnajuana, inunue. Lakini kwanza jiulize itafanya kazi gani siku ya Jumatatu, si itaonekanaje siku ya Jumapili. Kama fedha yako ni ndogo, usiimalize yote kwenye kununua; ibaki ya breki, ibaki ya springi, maana baiskeli ya namna hii inakula baada ya kununuliwa. Igeuze juu chini. Tafuta ufa chini ya rangi, penye maungio. Shika gurudumu la nyuma ulitikise. Kama mkono wa nyuma unacheza kushoto na kulia, acha. Bana breki uhesabu pumzi zako, uone kama mkono unazama. Uliza nani hapa karibu ana pampu yake na mafuta yake, na kama hakuna, jua kwamba unanunua kitu ambacho kikiumwa hakina daktari. Ukiona ya bei yako ni mbovu, nunua ya springi ya mbele tu, au ya chuma isiyo na springi, nzima, na uvumilie vicheko. Kicheko hakivunji mfupa.

Na ukienda kununua, nenda na mtu anayeweza kukwambia hapana. Akianza kusema, mngoje amalize. Ukifika juu ya mteremko na moyo wa mwenzako umesita, shuka, kata tawi, hata kama dunia nzima inakutazama.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho chini ya rangi, na masikio ya kumsikia aliye mdogo kwako. Akutangulie kwenye kila mteremko, akufikishe chini na mifupa yako yote, na wale unaowapenda wafike pamoja nawe. Mimi nilichagua baiskeli kwa ajili ya macho ya watu, na nikaona haya kuifungia tawi. Kwa sababu hiyo mdogo wangu Mumba hakuweza kukimbia siku aliyotakiwa kukimbia, na amekufa.