Kahawa Niliyoikataa Buganguzi

Mimi sipendi kuingiliwa. Naliweka wazi mapema, asije mtu akanitarajia upole ambao sina. Nyumba yangu ya Ijuganyondo ina geti la bati, na ukitaka kuja unapiga simu kwanza. Majirani wananiita fundi friji mwenye mambo ya kizungu. Waniite.

Mtu ninayemsimulia hapa hakuwahi kupiga simu. Alikuwa mnunuzi wa vanila, akizunguka na pikipiki vijiji vya Muleba, mcheshi, msafi, mwenye sauti ya kwaya. Tulikuwa wapenzi kwa karibu mwaka mzima, kwa siri, kama wanaume wa aina yetu wanavyopendana katika mji kama Bukoba, ambako ukinunua mkate wa ziada muuza duka anataka kujua umepata mgeni gani. Nilimpenda. Hilo silikani, ingawa siku hizi linanichefua.

Neno ambalo hakulijua ni hapana. Ukimwambia leo nimechoka, anacheka. Ukimwambia asishike simu yangu, anaishika huku anakutazama. Nilipomwambia tutumie kondomu alininunia wiki nzima, kana kwamba nimemtukania ukoo. Halafu mchana mmoja, mvua inapiga bati, nilimwambia sitaki. Nikarudia. Nikamsukuma. Akaendelea. Alipomaliza aliuliza kama kuna chai.

Nilimfukuza siku ile ile, nikamwambia asirudi tena.

Nilikuwa na rafiki mmoja tu aliyejua habari zetu, naye ni wa aina yetu. Nikamwendea nikamweleza. Alinisikiliza huku anatafuna, kisha akafuta mdomo.

"Unakuza mambo, bwana. Mwanaume kwa mwanaume kuna kulazimishana gani? Halafu hapa mjini tuko wangapi? Endelea kuchagua hivyo, utabaki na friji zako."

Nilitamani kummwagia mchuzi wake. Polisi siwezi kwenda, maana mshtakiwa wa kwanza ningekuwa mimi. Kwa mchungaji siwezi kwenda. Watu niliobaki nao ni hawa wachache, na hawa wachache wananiambia nishukuru kwa nilichopata. Tangu siku hiyo sijala nyumbani kwake.

Mnunuzi wa vanila aligonga geti langu mara kadhaa, sikufungua. Akaacha. Nikadhani ameelewa, kumbe amebadili njia tu. Alikwenda kwa mama yangu.

Mama ni mjane, anaishi peke yake kijijini Buganguzi, Muleba, katika kibanja cha migomba alichoachiwa na baba. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Wakati wa mapenzi yetu niliwahi kumpeleka yule bwana pale kama rafiki, na mama alimpenda kwa sababu anakula na kuongezewa. Sasa akawa anapita kila akija kununua vanila. Leo samaki, kesho sabuni, keshokutwa amevua shati anakata majani makavu ya migomba. Mama akawa ananipigia kunisimanga.

"Rafiki yako alikuwa hapa. Wewe niliyekuzaa mbona sikuoni?"

Nilisema kazi ni nyingi.

Jumamosi moja akaniita, akasema kuna jambo la heri. Nilipoingia nilikuta nyasi mbichi zimetandikwa sebuleni kama siku ya posa. Baba mdogo alikuwepo na kanzu yake, na majirani wawili wazee. Mnunuzi wa vanila alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba, shati jeupe, magoti yamebanwa kwa adabu. Mkononi mwa baba mdogo kulikuwa na tunda moja la kahawa.

Kwa asiye wa kwetu Uhayani, tunda la kahawa lina punje mbili zilizolaliana. Zamani wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Ndiyo omukago. Siku hizi wembe umeachwa kwa hofu ya magonjwa, na wengi hata hawafanyi tena, lakini wazee bado wanauheshimu kuliko cheti cha ndoa. Ndugu wa omukago hafungiwi mlango. Akija anakula, akitaka kulala analala, na ukimnyima, ile kahawa uliyomeza itakuvimbisha tumbo mpaka ufe.

"Kijana huyu ameomba awe ndugu yako," alisema baba mdogo. "Tumefurahi. Wewe ulizaliwa peke yako, na upweke si kitu kizuri."

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa anatabasamu akitazama nyasi. Nikaelewa mtego wote mara moja. Nikimeza, sina tena haki ya kumfungia geti, na hakuna atakayeuliza kwa nini analala kwangu. Nikikataa, nitaulizwa sababu, na sababu hiyo nikiitaja sina pa kuishi, si Buganguzi wala mjini. Alijua hayo yote alipokuwa akikata majani ya migomba ya mama yangu.

"Sitaki," nikasema.

"Hutaki nini?"

"Undugu na huyu."

"Amekukosea nini?"

"Baba mdogo, sitaki. Sababu ndiyo hiyo."

Mzee mmoja akacheka, akasema sitaki ni neno la mtoto anayekataa uji. Wote wakacheka, na mama akacheka kwa wasiwasi. Ndipo yule bwana akainua mkono kwa upole, kama anayenitetea.

"Mwacheni, waitu, wazee wangu. Ndivyo alivyo huyu. Anakataa kwanza, halafu anakubali."

Ile mvua juu ya bati niliisikia tena masikioni, na nje jua lilikuwa linawaka. Nilikwenda kwa baba mdogo, nikalichukua lile tunda mkononi mwake, nikatoka mlangoni nikalitupa migombani. Nyuma yangu mama aliita jina langu kama anayeita mtu aliyezama. Baba mdogo alisema maneno ya Kihaya ambayo sitayaandika.

Yule mtu alinifuata mpaka kwenye pikipiki yangu.

"Nitawaambia wewe ni nini."

"Waambie. Wakikuuliza umejuaje, uwe na jibu."

Alirudi ndani kula. Nasema kweli, alirudi kula, na walimpakulia.

Baada ya hapo mama hakupokea simu zangu. Siku aliyopokea alisema nimemvua nguo mbele ya watu, na kwamba kama mimi sitaki ndugu, yeye ametaka mtoto, na chumba changu amempa alale akizidiwa na giza njiani. Chumba changu. Nilikata simu, nikafunga karakana na friji za watu zikiwa wazi, nikaenda Buganguzi.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, mikono myeusi kwa utomvu. Hakunikaribisha. Nilisimama mlangoni, nikasema kabla ujasiri haujanitoka.

"Mama, huyo mtu nilimwambia hapana, akaendelea."

"Hapana ya nini?"

"Ya mwili wangu."

Kisu kilisimama. Hakuuliza inawezekanaje. Alinitazama kwanza usoni, kisha mikononi, kama alivyonikagua utotoni nikirudi nimepigwa. Sijui yeye mwenyewe amekutana na nini maishani mwake hata akaelewa haraka vile, na sijawahi kumuuliza.

Pikipiki ikaingia uani. Mama alitoka na kisu chake mkononi. Mgeni alikuwa na samaki wawili kwenye uzi wa mgomba, na tayari anacheka.

"Leo hatupokei mtu," mama akasema.

"Mama, mimi tena? Si mtoto wa hapa?"

"Leo, na kesho. Geuza."

Aliendelea kucheka, kile kicheko nilichokijua, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Mama hakusogea. Mwanamke ambaye hajawahi kuacha mgeni apite bila hata kahawa ya kutafuna alisimama pale katikati ya mlango wake mpaka kicheko kikaisha. Yule mtu aliweka samaki chini akaondoka. Mbwa ndiye aliyewala.

Mama alirudi jikoni akakaa. Nami nikawa nimejaa. Mlango ulikuwa umefunguka na nilitaka kupitisha kila kitu: kwamba nilimpenda yule mtu, kwamba sitaoa, kwamba ndivyo nilivyo tangu nikiwa mdogo.

"Mama, mimi na yeye tulikuwa..."

Akainua mkono wenye utomvu.

"Hapo hapo. Usiniongezee."

"Nataka ujue."

"Nimesema hapana."

Nilipandwa na hasira ya kutosha kubomoa lile jiko. Nimenyamaza miaka yote, na siku ninayofungua mdomo naambiwa niufunge! Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno, na ningeweza kuyasema, maana hakuwa na nguvu ya kunizuia. Lakini alikuwa amesema hapana, na mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kumweleza ni mtu wa namna gani anayelisikia neno hilo akaendelea. Nikavuta kigoda, nikaokota kisu kingine, nikaanza kumenya ndizi.