Nilivyogeuzwa Fomu Huko Iringa

Niliondoka Iyunga kwa sababu ya udadisi, ugonjwa ule ule ulionitoa shule nikiwa darasa la sita. Dada Neema, binti wa mama mdogo, anasoma chuo kimoja mjini Iringa. Alitaka kuandika juu ya mizizi ambayo wakunga wa Kihehe huwapa wanawake waliojifungua. Yeye ni Mnyakyusa, Kihehe hajui. Mimi nilijifunza nilipokuwa nabeba magogo Mafinga.

"Kaka, njoo unitafsirie," alisema kwenye simu. "Nisipopata ridhaa yao wiki hii, mwaka wangu ndio umekwenda."

Mafinga, basi lilitambaa nyuma ya malori ya mbao kwa saa nzima. Kwenye kituo cha Ipogolo, Iringa, nilimkuta Neema amekumbatia bahasha ya fomu, tukapanda bodaboda hadi kijijini.

Saa saba mchana tulikuwa tunakula viazi kwa Bibi Tulinave, mkunga mkuu, pamoja na wakunga wenzake wanne. Neema akagawa fomu. Zilirudi zimepangwa vizuri, bila saini hata moja.

"Hapa tulisaini mara moja," Bibi alisema. "Tuliamka msitu ni wa mtu mwingine. Halafu nyie watoto, mnakuja kuposa dawa zetu bila mshenga?"

"Bibi, si posa, ni utafiti," Neema alijitetea kupitia kwangu.

"Unataka kitu cha ndani ya nyumba yetu, uondoke nacho. Hiyo ni posa." Akanigeukia. "Huyu mrefu anayemaliza viazi ana kazi gani?"

Basi nikawa mshenga. Nilikaririshwa masharti: majina ya mizizi atapewa, namna ya kuichanganya hapewi, na kabla kitabu hakijatoka, asomewe Bibi kwa Kihehe. Neema akikiuka, naitwa mimi.

"Na fomu?" Neema aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Fomu yetu ndiyo huyo. Mpeleke."

Kesho yake asubuhi, chuoni, tuliingia mbele ya kamati ya maadili: maprofesa wawili na mwenyekiti, mama mwenye miwani.

"Fomu za ridhaa ziko wapi?" akauliza profesa mmoja.

Nikasimama. "Mimi hapa."

"Elimu yako?"

"Darasa la sita, sikulimaliza."

"Sasa wewe tutakuweka kwenye faili gani?"

"Lolote, profesa, mradi liwe karibu na dirisha."

Neema alifumba macho. Mwenyekiti hakucheka, alitaka masharti, nikayataja yote. "Na huyu binti akiyavunja?"

"Mimi ndiye nitakayesimamishwa mbele ya wale bibi, mama. Fomu ikivunjwa, nani huona aibu?"

Alivua miwani. "Mshenga wangu yu hai mpaka leo. Mume wangu akimwona mbali, anavuka barabara." Hapo kamati nzima ikaangua kicheko. Waliandika masharti kama nilivyoyataja, wakampa Neema kibali.

Alasiri tulirudi kijijini. Bibi alisikiliza, akamwonyesha Neema kigoda karibu yake. "Haya, mwanangu, uliza."

Nilijifunza kwamba wasiosaini si lazima wawe hawajui kusoma. Huenda walisoma vizuri kuliko sisi. Maswali yalipoisha nikachukua begi langu, Bibi akanizuia.

"Unakwenda wapi?"

"Songea, Bibi. Sijawahi kufika."

"Mshenga haondoki mpaka mtoto wa kwanza azaliwe."

"Mtoto gani tena?"

"Kitabu."

Neema anasema kitachukua miaka miwili. Nawaandikia kutoka huku huku.